Kupotea hewani

Alhamisi ya tarehe 1 Agosti 2024 nilifunga duka saa kumi na moja jioni. Jirani yangu wa duka la vyombo akaja mlangoni kuniuliza kama nimepata msiba, maana kwa miaka yote tuliyokaa naye Kariakoo hajawahi kuniona nikifunga kabla ya magharibi. Nikamwambia sina msiba, nawahi fainali. Akauliza, "Simba au Yanga?" Msimu mpya wa ligi ulikuwa unakaribia na mji mzima ulikuwa na hadithi hiyo moja. Nilipomwambia ni jimnastiki, ya wasichana, Olimpiki ya kule Paris, akanitazama kidogo, akasema, "Haya, mfike salama," akarudi kwenye sufuria zake.

Mdogo wangu alikuwa ananisubiri nje na bajaji. Tulikwama Magomeni kama ilivyo kawaida ya saa hizo, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kifurushi cha king'amuzi kiliisha tangu Jumanne. Nikalipia kwa simu katikati ya foleni, honi zinalia kila upande, yeye ananihimiza, "Dada, hakikisha namba umeiweka sawasawa." Tulifika nyumbani Mwananyamala saa moja kasoro. Mama alikuwa ameshatandika mkeka sebuleni, ungo wa mchele mapajani. Binti yangu, ambaye mwaka ule alikuwa na miaka tisa, alikuwa ameisogelea televisheni mpaka magoti yanaigusa meza. Saa moja na robo usiku fainali ikaanza.

Nataka kueleza kwa nini mimi, muuza vitambaa, nilifunga duka kwa ajili ya msichana wa Texas. Habari yenyewe inaanzia mbali, mnivumilie.

Simone Biles alizaliwa Columbus, Ohio, mwaka 1997. Yeye na mdogo wake walichukuliwa na babu yao mzaa mama na mkewe, wakalelewa Texas kama watoto wao wa kuwazaa. Ana urefu wa sentimita 142. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alirudi na medali nne za dhahabu na moja ya shaba, na leo kuna mitindo mitano ya mchezo huo inayoitwa kwa jina lake kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuifanya kwenye mashindano makubwa. Haya yote nilikuwa nayajua kwa juu juu tu, kama mtu anavyojua habari za mitaa asiyokaa. Kilichonifunga kwake ni Olimpiki ya Tokyo.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 27 Julai 2021, inakaribia saa nane mchana kwa saa zetu. Kariakoo ilikuwa na simanzi. Soko kuu lilikuwa limeungua usiku wa tarehe 10 mwezi huohuo na wateja walikuwa wa kuhesabu. Mdogo wangu alikuwa ameniletea majora mawili kutoka stoo, tukaenda kula kwa mama lishe wa mtaa wa nyuma ambaye televisheni yake haizimwi tangu asubuhi. Wali maharage na tembele. Kwenye televisheni, ukumbi mkubwa, viti vitupu kwa sababu ya Korona, na Biles anaikimbilia meza ya kurukia. Ilikuwa fainali ya timu.

Alitakiwa ajisokote hewani mara mbili na nusu. Alijisokota mara moja na nusu, akashuka amechuchumaa sana, akapiga hatua kubwa mbele ili asidondoke. Wakampa 13.766, alama ambazo kwa mtu kama yeye ni kama kuona hati ya mkono ya mtu mwingine kwenye barua yake.

Mdogo wangu akaweka kijiko chini. "Amepotea hewani," akasema.

Hakuna mtu mwingine pale aliyejua kimetokea nini. Mdogo wangu alijua kabla binti yule hajafika kwenye benchi. Baada ya muda tukamwona amevaa suti ya michezo, anawakumbatia wenzake, na habari zikaja kwamba hataendelea. Wenzake watatu walimaliza bila yeye, wakapata fedha. Pale kwa mama lishe maneno yakaanza. Mmoja akasema ameogopa Warusi. Mwingine akasema hela zimeshamlevya. Na mimi, dada mtu mzima, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Mbona Akhwari alimaliza?"

Mdogo wangu alinitazama. Hakunijibu neno. Akanawa mikono, sahani yake ikiwa nusu, akatoka kwenda kwenye bajaji yake.

*

Mtoto aliyesoma shule ya msingi enzi zetu alikutana na jina la John Stephen Akhwari mapema. Mkimbiaji wa Mbulu, aliyetuwakilisha kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico City mwaka 1968. Katikati ya mbio akaanguka, goti likatenguka, bega likaumia. Wakamfunga bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa moja iliyopita, giza limeshaingia, watu wengi wameshaondoka, ndipo Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, bendeji inaning'inia mguuni, akazunguka mpaka mwisho. Akawa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Walipomuuliza kwa nini hakuacha, akasema nchi yake haikumtuma kutoka mbali kote kule akaanze mbio, ilimtuma akazimalize.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa akiyasema maneno hayo mtu akilia ubavu kwenye mbio za mchakamchaka. Nilikua nayo. Niliyatumia nilipotaka kuacha cherehani, nilipotaka kuacha biashara, nilipotaka kuacha ndoa. Mara nyingine yalinisaidia.

Na mwaka 2009 nilimwambia mdogo wangu maneno hayohayo.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Tangu akiwa mdogo ukuta wa jirani kwake ulikuwa wa kurukia tu; anapiga kichwangomba, anasimama, anarudi tena, Mama anapiga kelele dirishani. Sarakasi hapa kwetu ina historia yake. Miaka ya 1960 vijana wa Tanzania walipelekwa China kujifunza, wakarudi kuanzisha kikundi cha taifa, na mbegu ile ikasambaa mpaka kwenye viwanja vya uswahilini ambako hakuna godoro wala kocha wa kuajiriwa. Kina mdogo wangu walikuwa wakienda Coco Beach na tairi la gari. Wanalizika nusu mchangani, wanakimbia, wanalikanyaga, linawarusha. Hilo ndilo lilikuwa springi yao. Samasoti ya mbele, samasoti ya nyuma, msamba, kupandana mabegani watu watatu. Alipofika kidato cha tatu kuna kikundi kilimchukua, akaanza kufanya shoo kila Jumamosi kwenye hoteli ya ufukweni, mbele ya watalii. Alikuwa analeta nyumbani hela ya unga na ya umeme. Tulimtegemea kuliko tulivyokuwa tayari kukubali.

Kisha akaanza kuniambia kitu ambacho sikukielewa. "Dada, nikiwa juu sijui chini ni wapi." Alisema hivyo siku moja, akasema tena baada ya siku tatu. Mtindo ambao alikuwa ameufanya mamia ya mara, wa kupinduka nyuma huku anajisokota, ulikuwa umemtoka mwilini. Alimwambia kiongozi wa kikundi, akajibiwa kwamba watu wameshalipa. Akaja kwangu. Nilikuwa nampigia pasi suruali yake nyekundu ya shoo, nakumbuka mkaa ulikuwa unarusha cheche na nilikuwa nahofia kitambaa. Bila kuinua macho nikamwambia, "Akhwari alimaliza na goti limetenguka. Wewe umeumia wapi? Jikaze."

Simu ilikuja saa tatu usiku. Alishukia bega. Mtulinga ulivunjika, bega la kulia likatoka mahali pake. Kiongozi wa kikundi alifika hospitali mara moja, na maboksi mawili ya juisi, hakurudi tena. Malipo ya shoo ile hatukuyaona. Mpaka leo mkono ule haupandi kupita sikio. Akitaka kufikisha kitu darini anatumia wa kushoto. Hajaruka tena.

Miaka kumi na miwili hatukulizungumzia. Halafu Tokyo ikaja, na mimi pale kwa mama lishe nikafungua mdomo na kusema sentensi ileile.

*

Usiku wa siku ile nilimpigia nikamwomba anieleze. Aliongea nusu saa, yeye ambaye kwenye simu huwa ni "ndiyo" na "sawa". Akaniuliza: unajua ile hali ya kushtuka usingizini ukidhani unaanguka? Ndiyo hiyo, isipokuwa wewe uko hewani kweli. Mtu anayeruka hafikirii. Ana kama sekunde moja tu kabla ya kurudi chini, na sekunde moja haitoshi kufikiri. Mwili ndio unaojua, kwa macho, kwa sikio la ndani linalopima mlalo na mgeuko, na kwa mazoea ya miaka. Mazoea yale yakikatika unabaki kama mzigo uliotupwa. Unatoka kwenye ubao ukiwa mtu, unafika juu huna habari kama unaangalia dari au sakafu. Na kibaya zaidi, alisema, ukijilazimisha inazidi, maana hofu inaujia mwili kabla hujaondoka chini.

Biles mwenyewe alieleza vivyo hivyo siku zile: juu na chini vilikuwa vimemchanganyikia. Wenzake wa mchezo huo wana jina lao la kuiita hali hiyo na wote wanaiogopa. Mdogo wangu na rafiki zake wa Coco walikuwa na jina lao pia, wala hawakuwahi kusikia la wenzao.

Tangu hapo nikaanza kusoma kila kitu. Nikakutana na habari ya Elena Mukhina, Mrusi, bingwa wa dunia wa jimnastiki wa mwaka 1978. Alivunjika mguu, ukaunganishwa, akarudishwa mazoezini haujapona vizuri. Wakamtaka afanye mruko wa hatari ambao yeye mwenyewe alishawaambia utamvunja shingo. Mwanzoni mwa Julai 1980, mazoezini, wiki mbili kabla ya Olimpiki ya Moscow, ukamvunja shingo. Alikuwa na miaka ishirini. Aliishi amepooza mpaka alipofariki mwaka 2006. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu Moscow 1980 kwetu sisi ni jina la furaha. Ndiko Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walikotuletea fedha mbili, medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania inazo. Siku tunazozikumbuka kwa vigelegele, binti wa miaka ishirini alikuwa kitandani hawezi kuinua mkono, kwa sababu kila aliyemzunguka alimwambia ajikaze.

Tarehe 3 Agosti 2021, Biles alirudi mara moja tu, kwenye boriti, ule mti mwembamba wa kupindukia juu yake. Siku zile za katikati alikuwa akienda kufanya mazoezi peke yake kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu cha Juntendo, kuangalia nini bado anakiweza. Mdogo wangu alikuja dukani kuangalia na mimi kwenye simu. Biles aliposhuka kwenye boriti, mdogo wangu akasema, "Umeona? Amepinduka tu, hakujisokota. Ameliacha lile lililompotea, amebaki na linalomtii." Shaba. Mimi ninavyoona, shaba ile ina uzito wake wa peke yake.

Kisha akapumzika. Septemba mwaka huohuo alisimama mbele ya Seneti ya Marekani na wenzake kueleza jinsi daktari wa timu alivyowadhulumu wakiwa watoto, na jinsi waliopaswa kuwalinda walivyokaa kimya. Nilipomsikia, nilielewa kwamba yule binti alipanda ndege ya Tokyo akiwa na mizigo ambayo haipimwi uwanja wa ndege. Alirudi kwenye mashindano Agosti 2023, na Oktoba, kwenye ubingwa wa dunia kule Antwerp, akachukua dhahabu nne. Mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu kuhusu kila mruko.

*

Basi ndiyo hivyo tukawa kwenye mkeka, Agosti 1, saa moja na robo.

Fainali ya mtu mmoja mmoja ina vituo vinne: meza ya kurukia, fito mbili, boriti na zulia. Unakusanya alama za vyote. Biles alianza na meza, na akachagua mruko mzito kuliko yote, ule wenye jina lake: anaingia kinyumenyume, mikono inapiga meza, halafu samasoti mbili za nyuma, miguu imenyooka, mwili umekunjwa kiunoni kama kisu cha mfukoni. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuufanya kwenye Olimpiki. Mdogo wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Akatua, akasogea nyuma kidogo, 15.766. Mama akasema, "Haka katoto kana springi mwilini," akaendelea na mchele wake.

Kwenye fito mambo yakageuka. Alipokuwa anahama fito moja kwenda nyingine mwendo ukamkatika. Ilikuwa nukta tu. Magoti yakakunjika, akabembea kutafuta kasi iliyopotea, akaendelea mpaka mwisho. 13.733. Jedwali lilipotokea, Rebeca Andrade wa Brazil alikuwa juu, Kaylia Nemour wa Algeria wa pili, Biles wa tatu.

Hapo Mama akaweka ungo chini. "Algeria? Yule ni wa Afrika?" Nikamwambia ndiyo, ana miaka kumi na saba. Kuanzia dakika ile Mama alikuwa na mtu wake, akawa anamwombea kwa sauti. Nemour alimaliza wa tano siku ile, lakini Jumapili iliyofuata alichukua dhahabu ya fito kwa 15.700, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Mwafrika katika jimnastiki, na Mama alipiga kigelegele mpaka wapangaji wakatoka kuuliza kuna nini.

Turudi kwa Biles. Kamera ilimwonyesha amekaa kwenye kiti, macho amefumba. Watu wanapita mbele yake, ukumbi unapiga kelele, yeye amefumba macho. Binti yangu akauliza, "Anasinzia?" Mjomba wake akamjibu taratibu, "Hapana, anajiuliza chini ni wapi." Sikumtazama. Nilijua nikimtazama nitalia na fainali ilikuwa bado.

Boriti ina upana wa sentimita 10. Nilishawahi kupima dukani. Nilichukua futi kamba, nikaweka alama mbili za chaki kwenye meza ya kukatia, nikasimamisha mguu wangu hapo: kandambili ilijaa. Sasa inyanyue mita moja na robo kutoka chini, iwe na urefu wa mita tano, halafu mtu apinduke juu yake kinyumenyume na kuitafuta kwa nyayo. Biles aliipita yote kwa 14.566. Akampita Andrade kwa 0.166. Kipande cha namna hiyo ukikikata kwenye kitambaa kinabaki chini ya ukucha.

Likabaki zulia. Andrade akapata 14.033, na ninataka niseme kwamba Andrade naye nilikuwa nampenda. Goti lake moja limepasuliwa mara tatu. Utotoni alikuwa akienda mazoezini kwa miguu na kaka yake kwa sababu nauli haikuwepo. Sunisa Lee, aliyechukua dhahabu hii kule Tokyo baada ya Biles kujitoa, alikuwepo pia baada ya ugonjwa wa figo uliomtoa mazoezini mwaka uliotangulia. Jukwaa lile lilikuwa la watu waliorudi. Biles akaruka wa mwisho kabisa.

Mruko wake wa kwanza kwenye zulia ni samasoti mbili za nyuma, na ndani yake anajisokota mara tatu. Mara tatu. Kitu kilekile kilichomtoka Tokyo, safari hii kikubwa zaidi. Mdogo wangu alihesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu," upesi upesi kama mtu anayehesabu watoto wakishuka kwenye gari, na alipotua akatoa pumzi ambayo nadhani aliishika tangu 2009. Nilipogeuka, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika bega la kulia.

15.066. Jumla 59.131, Andrade 57.932, Lee 56.465. Miaka minane baada ya Rio. Wanawake wawili tu kabla yake walikuwa wamechukua dhahabu hii mara mbili, Larisa Latynina na Věra Čáslavská, na wote walizichukua mfululizo. Hakuna aliyewahi kuikosa katikati akaja kuitwaa tena. Alikuwa na miaka 27, na tangu mwaka 1952 hakuna bingwa aliyemzidi umri. Binti yangu alikuwa anarukaruka juu ya mkeka, mchele umeingia kila kona, Mama anamkemea huku anacheka.

*

Baadaye, mtoto amelala na Mama ameshaingia chumbani, tulikaa barazani mimi na mdogo wangu. Watu walikuwa bado wanapita, muuza kahawa anagonganisha vikombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakatoka machache.

"Ile Jumamosi nilikukosea. Nisamehe, mdogo wangu."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Ulikuwa hujui, Dada."

"Sikujua."

"Lakini mimi nilikuwa najua. Na nilikwambia."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeweka kitu mezani ambacho amekibeba siku nyingi. Nikasema ndiyo, uliniambia. Tukakaa. Muuza kahawa akatumiminia viwili, na kashata. Baada ya muda yeye mwenyewe ndiye aliyemtaja Akhwari. Alisema hajawahi kumchukia mzee yule, anamheshimu sana. "Ila Akhwari alikuwa chini, Dada. Goti lilimuuma lakini barabara alikuwa anaiona. Angetaka kusimama, angesimama. Mimi ningesimama wapi?"

Nimeifikiria sentensi hiyo karibu kila siku. Nimesoma watu wengi walioandika kwamba kule Paris, Biles amefuta aibu ya Tokyo, na kila nikiisoma nasikia joto kichwani. Aibu ipi? Mtu ambaye mwili umemwambia hauna uhakika na chini, akasikia, akashuka, akakaa na wenzake kuwashangilia mpaka medali ya fedha. Kama angewasikiliza watu waliokuwa kwa mama lishe siku ile, mimi nikiwemo, huenda shingo yake ingekuwa kama ya Mukhina na Agosti 1 nisingekuwa na sababu ya kufunga duka. Zile mara tatu alizojisokota Paris zilitoka kwenye Jumanne ile aliyovaa suti yake ya michezo akasema basi.

Mdogo wangu anafundisha watoto sarakasi, Jumapili asubuhi, Coco Beach, maji yakiwa yamekupwa na mchanga ni mpana. Hawalipi. Tairi ni lilelile la aina ileile, nusu limezikwa. Wiki ya pili baada ya Paris binti yangu aliniomba aende, nikamsindikiza. Siku ya tatu mjomba wake alimpanga kwenye mstari wa samasoti ya mbele. Alikimbia vizuri, miguu midogo inarusha mchanga, akalifikia tairi, akasimama. Akasimama kabisa, mikono imebana mbavuni, akageuka kunitafuta.

Mdomo wangu ulishafunguka. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, na herufi ya kwanza nadhani ilitoka.

"Leo hapana?" mjomba wake akamuuliza.

Akatikisa kichwa.

"Sawa. Nenda kakae na mama, unywe maji. Anayefuata!"

Akaja akakaa kwenye kanga niliyotandika. Tukala mihogo, pilipili imemwagwa kwa wingi kama wanavyoijua wenyewe Coco. Jumapili iliyofuata alikimbia nusu, akaja kukaa. Iliyofuata hakutaka hata kuvua viatu. Alikaa na mimi kuhesabu samasoti za wenzake na kuwapa alama, 13 huyu, 15 yule, akiwa mkali kuliko majaji wa Paris. Sikusema kitu. Ilinigharimu, nakiri, mimi ni mtu wa kusema.

Jumapili ya nne nilikuwa dukani nahesabu mali, mjomba wake akaenda naye peke yake. Walirudi alasiri. Hakunisimulia lolote, na mimi sikuuliza. Akala ugali wake wote, akaongeza mboga, akaanza kusinzia mezani. Nywele zake nilikuwa nimemsuka twende kilioni tangu wiki iliyopita na zilikuwa zimeshachakaa, kwa hiyo nikamweka katikati ya magoti yangu nimfumue kabla hajalala. Nikaanza msuko wa kwanza, karibu na paji la uso. Mchanga ukamwagika kwenye kanga yangu. Nikafumua wa pili, mwingine ukamwagika, mwingi, mpaka utosini.